Kumbukumbu za nyota mdogo: anza kusoma kutoka nyuma

Mtoto akikuletea kitabu cha kumbukumbu za nyota aliyekulia mbele ya kamera, akakwambia "na mimi nataka maisha haya", kisome chote kabla hujamjibu. Ila usikisome kishabiki. Kisome kama mtu anayekagua daftari la hesabu: nani alipokea pesa, nani alitia saini, mtoto alilala saa ngapi. Majibu yamo, ingawa mara nyingi yamejificha katikati ya habari za zulia jekundu.

Anza na shukrani, ambazo kwa kawaida ziko mwishoni. Humo utakuta wakala, meneja, mwanasheria, na pengine mtu anayeshukuriwa kwa kumsaidia nyota "kuipata sauti yake". Huyo huenda ndiye aliyeandika. Si dhambi, vijana wengi husimulia kwenye kinasa sauti, mwandishi wa kulipwa akapanga sura. Lakini sentensi ikiwa laini mno mahali palipopaswa kuuma, ujue kuna mkono wa pili. Kisha angalia umri wa nyota siku kitabu kilipotoka. Kijana wa miaka 17, bado yuko kwa wazazi na mkataba bado unaendelea, hana uhuru wa kusema yote. Jennette McCurdy, mwigizaji wa Marekani aliyeanza kuigiza akiwa mtoto, alitoa kumbukumbu zake mwaka 2022, akiwa na miaka 30, mama yake akiwa amefariki karibu miaka 9 nyuma. Hapo ndipo alipoeleza wazi kwamba uigizaji ulikuwa ndoto ya mama, na kwamba mama huyohuyo ndiye aliyemfundisha kujinyima chakula akiwa na miaka 11. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyevaa nguo hiyo hawezi kuieleza mpaka aivue.

Sasa pesa, na hapa usiharakishe. Jackie Coogan aliigiza na mchekeshaji wa filamu Charlie Chaplin mwaka 1921 akiwa mtoto mdogo, akaingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima alikuta zimetumika, akawashtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938, na akaambulia takriban dola 126,000. Mwaka uliofuata jimbo la California, Marekani, likatunga sheria inayobeba jina lake hadi leo. Kwa sheria hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2000, asilimia 15 ya malipo ya mtoto, kabla ya makato yoyote, huwekwa kwenye akaunti ya amana ambayo haiguswi mpaka afikishe miaka 18.

Wazazi wengi husikia hivyo wakatulia. Piga hesabu kwanza. Chukua malipo ya dola 100,000. Amana 15,000. Wakala asilimia 10, yaani 10,000. Meneja akichukua asilimia 15, ni 15,000. Mwanasheria asilimia 5, yaani 5,000. Zimebaki 55,000, na kodi haijalipwa. Zikitoka humohumo pango, gari na mshahara wa mzazi aliyeacha kazi ili awe meneja, mtoto amekuwa mlezi wa nyumba. Siku akisema amechoka, anaona kabisa kwamba anawanyang'anya wadogo zake chakula, kwa hiyo hasemi. Tunaloshauri ni hili: mzazi mmoja abaki na kipato chake mwenyewe, meneja awe mtu mwingine, na kiasi cha amana kipandishwe zaidi ya asilimia 15 tangu mkataba wa kwanza. Sheria imeweka kima cha chini tu.

Kuhusu saa, California inamruhusu mtoto wa miaka 9 hadi 15 kukaa eneo la kazi kwa muda wa saa 9 siku ya shule: 5 za kazi, 3 za masomo, 1 ya mapumziko, ukiacha muda wa chakula. Aliye chini ya miaka 16 lazima mzazi au mlezi awe mahali anapoweza kumwona au kumsikia. Ukisoma kitabu, linganisha. Nyota akitaja mazoezi ya usiku, mahojiano na safari za matangazo, jiulize kama saa hizo ziliandikwa popote. Chukua daftari lako, andika saa ya kufika na ya kuondoka kila siku.

Kwa mtoto anayekua maarufu kupitia video za nyumbani, ulinzi huu mara nyingi haumfikii. Illinois, jimbo jingine la Marekani, ilianza kuziba pengo tarehe 1 Julai 2024. Mtoto wa chini ya miaka 16 akionekana katika angalau asilimia 30 ya maudhui yanayolipwa ndani ya siku 30, sehemu ya mapato inawekwa kando kwa ajili yake: akiwa kwenye nusu ya maudhui, fungu lake ni robo ya mapato. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2020, ilimpa mtoto haki ya kuomba video zake zifutwe bila kungoja idhini ya wazazi.

Haki hiyo inahitaji kumbukumbu. Popote mnapoishi, tunza orodha: kila video, tarehe iliyopandishwa, akaunti gani, nani ana nywila, nani alilipa. Nakala moja ikae na mtoto mwenyewe, mahali anapoweza kuifikia bila kukuomba ruhusa.