Umeniuliza kuhusu raga ya kulipwa, haya sikiliza

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina miaka 19, nina mbio, nataka kucheza raga ya kulipwa. Nianzie wapi?" Nimeusoma ujumbe huo nikiwa na barafu begani. Nikacheka peke yangu.

Mimi raga ilinipata mwaka 2016, kwenye baa moja Sinza. Tulifuata soka, mhudumu akakosea chaneli, tukawakuta Kenya wanaichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande. Fiji hao hao waliochukua dhahabu ya Olimpiki Agosti ya mwaka ule! Wiki iliyofuata niko Coco Beach na wenzangu, tunaangushana mchangani, wapita njia wanadhani tunagombana. (Na hapana, sio ule mchezo wa Wamarekani wa makofia. Raga hatuvai kofia ngumu, na mpira haurushwi mbele kwa mkono.)

Mwaka 2018 nikapanda basi, Namanga, Nairobi. Klabu, siitaji, ikanipa kitanda kwenye chumba cha watu wanne na posho ya mechi. Mkataba? "Tutaandikishana baadaye." Nikacheza namba 7. Kazi ya namba 7 ni kuwahi pale mtu anapoangushwa, uiname, uupore mpira kabla wale wa kilo 110 hawajakufikia. Sijisifu, ila niliweza. Kuna siku niliupora mita tano tu kutoka mstari wetu, zimebaki dakika mbili, tunaongoza kwa pointi nne. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi tano, piga hesabu. Jukwaa zima likaimba, nami nikajiona nimeshafika Ufaransa.

Wiki tatu baadaye nikamkaba winga wao, mkono ukabaki nyuma. Nikasikia "tok", kama paja la kuku likitenganishwa. Bega limechomoka. Meneja alipokea simu yangu mara mbili. Ya tatu hakupokea, wala ya nne. Nauli ya kurudi Dar nilichangiwa na wachezaji wenzangu, wengine hata posho walikuwa bado wanaidai.

Kwa hiyo, mdogo wangu: maandishi. Nani analipa hospitali ukiumia? Iandikwe. Usiambiwe "sisi ni familia". Familia inapokea simu. Raga yenyewe imeruhusu wachezaji kulipwa Agosti 1995 tu, na hapa kwetu sijaona anayelipa kodi ya nyumba kwa kuicheza. Hela ziko Ufaransa, Uingereza, Japani, na huko hawakufuati Mbagala. Tendai Mtawarira alitoka Zimbabwe akaenda Durban, akahamishwa kutoka mstari wa nyuma wa skramu (pale timu mbili zinapoinama na kusukumana) hadi kuwa propu, yule wa mstari wa mbele, akakubali. Akaichezea Afrika Kusini mechi 117 na kubeba Kombe la Dunia 2019. Nyie mkiambiwa mbadilishe namba mnanuna.

Na ukigongwa kichwa ukaona giza, sema, toka uwanjani. Mimi niliwahi kuficha, nikacheza kipindi cha pili ambacho mpaka leo sikikumbuki. Ujinga ule niliuita ujasiri. Vijana, mwili mnao mmoja!

Halafu maandishi, narudia. Na ufundi mkononi. Mama aligoma nisiende Nairobi mpaka nimalize VETA, nikamnunia mwezi mzima. Leo nafunga AC Kariakoo, ndizo zinazolisha watoto. Ila zile mashine zake za nje ya nyumba ni nzito, na nikiinyanyua moja juu ya ngazi bega linanikumbusha yule meneja.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko Coco, bahari ikiwa imekupwa. Njoo na maji ya kunywa. Kinga ya meno nitakuazima yangu. Hapana, nunua yako.