Ampuli ya LED ikifa, usiishie kuunganisha waya

Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, jioni hapa Kadutu, Bukavu, aliniletea ampuli ileile mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya tatu hata salamu ilikuwa ya mkato. "Mwanangu, unaitengeneza ao unaikodisha?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nafanya kama mafundi wengi: natafuta chipu (kile kipande kidogo cha njano kinachotoa nuru) yenye doa jeusi, napitisha kipande cha waya juu yake, ampuli inawaka, napokea pesa. Chipu zimefungwa mfululizo, moja ikikatika zote zinalala. Lakini kilichoiua ile ya kwanza nilikiacha humohumo.

Nuru ya ampuli nyeupe huanza ikiwa ya buluu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi, ndipo unga wa njano uliopakwa juu ya chipu huigeuza sehemu yake. Hiyo buluu hutoka kwenye tabaka la nitrojeni, galiumu na indiumu lenye unene wa nanomita 3 hivi, lililobanwa katikati ya matabaka yasiyo na indiumu. (Unywele wako una kama 80,000!) Wanafizikia huliita kisima cha kwanta. Elektroni hutumbukia humo, hukutana na matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni, na jozi ikiungana hutoa nuru. Kwa LED ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura walipata Nobel mwaka 2014.

Sasa, kisima ni chembamba mno. Ukisukuma mkondo mwingi, elektroni husongamana. Hapo baadhi ya jozi zikiungana hazitoi nuru: nishati yake hunyakuliwa na elektroni ya tatu, ikaishia kuwa joto. Ndiyo sababu mkondo mara mbili haukupi nuru mara mbili. Ampuli nyingi za bei ya chini zina chipu chache zinazosukumwa kupita kiasi, ili ziwake vikali pale dukani tu; joto ndilo huziua.

Kwa hiyo kabla ya kufunga, angalia kando ya saketi ya kudhibiti mkondo. Mara nyingi utakuta rezistansi mbili ndogo zimewekwa sambamba. Toa ile yenye thamani kubwa, mkondo utashuka kidogo. Ila ondoa ampuli kwenye umeme kwanza na uache kapasita iishiwe chaji. Volti 220 hazina utani.

Ya mama niliifanyia hivyo. Alinung'unika kwamba sambaza hazing'ai kama zamani. Tangu Pasaka hajaileta tena.