Sola Ukerewe: fedha nyingi huliwa na betri

Ndugu yangu wa Ukerewe, umeuliza kama paneli ya wati 150 na betri moja ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri) zitabeba taa 5, televisheni na friji ndogo. Friji haitabebeka. Taa 5 za wati 7 kila moja na televisheni ya wati 40, zikiwaka saa 5, hula Wh 375 (wati-saa, yaani wati mara saa). Friji ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) huongeza kama Wh 500 kwa siku. Betri ya volti 12 ina Wh 1,200, lakini ile ya madini ya risasi (betri ya kawaida ya asidi) ukiishusha chini ya nusu kila siku inakufa mapema. Jumla yako ni Wh 875, na nusu ya betri moja ni 600 tu. Kwa hiyo unahitaji betri 2, paneli wati 300, na kontrola (kidhibiti cha chaji) ya ampea 30. Tafadhali, betri ya gari usiiguse hata ikiwa rahisi: haikutengenezwa kushushwa kila usiku. Betri ya lithiamu ni ghali mwanzoni, ila hudumu zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri.