Mizani, kiuno na pumzi: maswali yenu

Mimi ni mama wa Langoni, Lamu, urefu sentimita 160, kilo 78. Presha na sukari ziko sawa, na kila asubuhi natembea hadi Shela na kurudi. Zahanati wamesema nimezidi. Je, ni mgonjwa?

Si mgonjwa, mama, lakini waliokupima hawakukosea. Walichukua kilo zako, wakazigawa kwa urefu wako uliopimwa kwa mita, kisha wakagawa tena kwa urefu huo huo. Wewe unapata 30.5, na kuanzia 30 mtu huhesabiwa mnene kupita kiasi. Hesabu hiyo aliianzisha Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, mtu wa takwimu wala si tabibu, nayo haijui mafuta yamekaa wapi. Basi azima futi ya fundi cherehani, toa pumzi, upime kiuno. Kikipita sentimita 80, yaani nusu ya urefu wako, huenda mafuta yamejaa ndani ya tumbo, na hayo ndiyo yenye kuita sukari na presha. Mwendo wa Shela usiuache: moyo uliozoea kazi unafaidika hata kama mizani haisogei. Ila ukipunguza kilo 4 hivi, magoti yatapata nafuu.

Mimi kijana, mwembamba kama ufito. Chakula changu viazi karai na soda, jioni niko barazani nikitafuna majani ya muguka. Mazoezi si ya wanene?

Nani kakwambia? Wembamba pia hupata sukari na presha, na presha huja kimya. Panda ngazi za nyumba ya ghorofa, zile za mawe zilizosimama wima, hadi darini bila kupumzika. Ukifika juu huwezi kuzungumza, umejijibu. Muguka nao huupandisha moyo mbio. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuharakisha pumzi, na siku 2 za kutumia nguvu. (Hamali wa gatini hawahusiki, wao wameshamaliza kabla ya adhuhuri.)

Maji moto na ndimu huyeyusha kitambi?

Hapana. Kunywa ukipenda ladha yake.

Kila Ramadhani nafunga, lakini nazidi kunenepa. Kwa nini?

Tazama sinia ya futari, bibi: kaimati za shira, tambi za sukari, mahamri, viazi vya nazi, na daku bado. Anza na tende na maji, samaki aje kabla ya vitamu, na baada ya tarawehe tembea forodhani. Anayetumia dawa za sukari amwone daktari kabla mwezi haujaandama.