Usimwage majivu bado

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku Newala hatujambo, mikorosho imeanza kutoa maua na mikono yangu inanuka salfa hata nikila.

Mdogo wako amenisomea ujumbe wako. Umepata kiwanja nyuma ya nyumba mliyopanga huko Mikindani, unataka bustani ya mboga, na unauliza umwage madebe mangapi ya majivu, kama nifanyavyo mimi. Hata kopo moja usimwage kwanza.

Majivu yangu yana sababu yake. Unaikumbuka bustani yangu ya kwanza, pale tulipokata mikorosho mizee? Nyanya zilidumaa, mchicha ukagoma kupita kimo cha kidole, nami nikashinda nalaumu mbegu. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tukipuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na salfa inayoanguka chini hugeuka tindikali udongoni. Majivu huipunguza tindikali hiyo. Ndiyo maana kwangu yanafaa, tena kwa kiasi.

Wewe unakaa juu ya matumbawe. Tazama kuta za majumba ya zamani hapo Mikindani, mawe yake yametoka wapi? Udongo wa namna hiyo mara nyingi una chokaa tayari, na majivu nayo ni kama chokaa. Ukizidisha, utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki ya kijani. Madini ya chuma yamo udongoni, ila mizizi inashindwa kuyachukua.

Basi fanya hivi. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisahani, udondoshee siki. Huna siki, kamua ndimu. Inamisha sikio. Ukisikia unachacharika na kutoa povu, chokaa imo, na majivu yabaki jikoni. Usipochacharika, bado usiseme una tindikali, umejua tu kwamba chokaa si nyingi. Rudia kila pembe ya kiwanja, maana mafundi waliojenga hiyo nyumba lazima walimwaga mabaki ya saruji mahali fulani, na hapo povu litakudanganya.

Kisha chimba shimo la sentimita 30 hivi. Jembe likigonga mwamba kabla ya hapo, usishindane nao, inua matuta au panda kwenye viroba. Usipogonga, jaza maji yaishe, jaza tena, halafu kaa na saa. Maji yakishuka sentimita 3 mpaka 5 kwa saa, ni sawa. Yakitoweka ukiwa bado umeshika ndoo, huo ni mchanga mtupu, na mbolea ya dukani utakayoweka itazama pamoja nayo. Udongo wa hivyo unataka samadi iliyooza vizuri na majani makavu, mara kwa mara, si kwa mkupuo mmoja.

Maji ya kisima yaonje kabla hujamwagilia. Yakiwa na chumvi, maharage sahau.

Ukitaka uhakika zaidi, chota udongo sehemu nane, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi (siyo ile ya mbolea!), anika kivulini, funga nusu kilo. Siku ukienda Naliendele, waulize pale kituo cha utafiti wa kilimo kama wanapokea sampuli za bustani.

Usione nakuchosha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, wakaja mpaka Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili hiyo. Matrekta walikuwa nayo. Kule Kongwa jua lilipowaka, mfinyanzi ukakauka kama sakafu, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 wakaacha. Wewe una jembe moja na kisahani cha siki, umewazidi.

Mbegu za bamia na mbaazi nimeshakufungia kwenye kitambaa. Bamia anza nazo, mbaazi zingoje mvua. Nitampa kondakta wa basi la Jumatatu. Wewe Jumamosi pima na siki, unipigie jioni uniambie umesikia nini.

Mama yako