Mteja akisema "Gothic", mwonyeshe herufi kwanza

Kwa ninyi mnaoanza usanifu kwenye maduka ya uchapaji: mteja akitaja fonti ya Gothic, msianze kazi kabla hamjaelewana. Jina hilo lina wenyewe wengi.

Mwenye kadi ya harusi au cheti kwa kawaida anataka zile herufi nzito zenye kona kali, kama jina la gazeti la The New York Times linavyoandikwa. Zilitokana na mwandiko wa kalamu bapa uliotumika Ulaya tangu karne ya 12, na ndio Gutenberg, mchapaji wa kwanza wa Ulaya kutumia herufi za kupanga, aliouiga alipochapa Biblia yake mjini Mainz miaka ya 1450. Wasomi wa Italia waliochukia mwandiko huo waliupa jina la Wagothi, watu wa kale wa Ulaya waliowahesabu kuwa washenzi. Wagothi wenyewe hawakuandika hivyo kamwe! Alfabeti yao ilitungwa na askofu Wulfila katika karne ya 4, kwa kufuata zaidi herufi za Kigiriki.

Marekani ni habari nyingine. Wachapaji wa huko, katika karne ya 19, waliita Gothic herufi nyofu zisizo na vijikia kwenye ncha. Ndiyo maana Franklin Gothic, iliyochorwa na Morris Fuller Benton mwaka 1902, haina pambo lolote. Century Gothic vilevile. Japani na Korea wanalitumia jina kwa maana hiyohiyo, ndiyo hizo MS Gothic na Malgun Gothic mnazoziona kwenye Windows. Kwa kazi ya cheti, basi, tafuteni "Blackletter" au "Old English".

Mtakutana pia na Fraktur. Wengi huita hivyo herufi zote nzito zenye kona kali, lakini ni tawi moja tu, la Ujerumani, lililoanza karne ya 16. Mteja akiikataa kwa sababu ya Wanazi, mwelewe, maana kweli waliitumia sana. Ila ni wao pia walioipiga marufuku mwaka 1941.

Ninalowasihi zaidi ni hili: msiandike neno zima kwa herufi kubwa za mtindo huu. Halisomeki. Na katika Fraktur nyingi A kubwa na U kubwa hukaribia kufanana, hivyo Asha anaweza kusomeka Usha kwenye cheti chake mwenyewe. Mapambo yawekeni kwenye kichwa cha cheti, jina la mhitimu liandikeni kwa fonti ya kawaida.