Kabla Hujavaa Fulana ya Mgombea

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye kampeni niliingia kwa mlango wenye kelele. Nilipewa fulana, nikapanda nyuma ya gari la vipaza sauti, nikaimba mpaka koo likakauka. Kwa wiki tatu nilikuwa mtu wa maana sana. Watoto walitukimbilia, watu wazima walitupungia mikono, na kila jioni tulikaa tukahakikishiana kwamba mgombea wetu wa udiwani hana mpinzani. Matokeo yalipobandikwa, tulikuwa tumeshindwa kwa kura 19.

Watu 19 unaweza kuwaketisha sebuleni kwako wakibanana kidogo. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja siku mbili baadaye, nilipokuwa namlalamikia jirani yangu, mama mtu mzima ambaye nilijua fika yuko upande wetu. Alinisikiliza, akaguna, akasema, "Mimi sikwenda, mwanangu." Nikamuuliza kulikoni. "Nilikuwa nawasubiri mje. Mlipita na gari lenu, mkapiga kelele, mkaenda zenu. Nikasema labda ya kwangu hawaihitaji." Kati ya chumba changu na chake kuna ukuta mmoja tu.

Miaka kadhaa baadaye niligundua kwamba aibu yangu ina wakubwa zake. Tip O'Neill, ambaye alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1977 hadi 1987, alishindwa uchaguzi mmoja tu maishani mwake, na ulikuwa ule wa kwanza, wa baraza la mji wa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1935. Siku chache kabla ya kura, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyewahi kuwa mwalimu wake, alimwambia kwamba atampigia ingawa hakumwomba. O'Neill akashangaa: mtu anayemjua tangu utotoni, wa nini tena kumwomba? Mama yule akamjibu kwamba watu hupenda kuombwa.

Basi ukiniuliza leo uanzie wapi kuisaidia kampeni ya mtaani kwako, nitakwambia iache ile fulana kwanza. Anza na milango ishirini iliyo karibu na wa kwako. Wale wanaokujua kwa jina, wanaojua mama yako anaumwa mgongo, ambao mgombea hata akija na msafara wa magari kumi hawezi kuwafikia kama unavyowafikia wewe kwa kandambili.

Hili si suala la hisia zangu tu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio huko New Haven kwa wapiga kura wapatao 30,000. Wengine walitembelewa majumbani, wengine walitumiwa barua, wengine walipigiwa simu, wengine wakaachwa bila kuguswa. Ujumbe ulikuwa wa kuhimiza kupiga kura tu, bila kutaja chama. Kwa hesabu waliyoitoa mwaka 2000, waliozungumza na mtu mlangoni walijitokeza zaidi kwa pointi za asilimia kati ya 8 na 10. Barua zilisogeza mambo kidogo sana. Simu hazikusogeza kitu. Nilipoyasoma hayo nikalikumbuka lile gari letu la vipaza sauti na mafuta tuliyolinywesha.

Sasa, mlangoni kwenyewe. Ukishapiga hodi, rudi nyuma hatua mbili. Mtu akifungua akukute uko mbali kidogo, umesimama upande, hujachungulia ndani. Karatasi zako zishike chini, maana ukizishika kifuani unafanana na mtu wa kudai. Salimia kwanza aliye mkubwa, hata kama unayemtaka ni kijana aliyesimama nyuma yake. Jitambulishe kwa mtaa wako kabla ya chama chako. Kisha uliza swali moja, la kwangu huwa ni "Hapa kwenu, kinachowasumbua zaidi ni nini?", halafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo wengi tunapofeli. Tunaogopa ukimya wa sekunde tano, tunaujaza ilani.

Siku moja nilinyamaza mbele ya bibi mmoja mpaka nikadhani hakunisikia. Akanitazama, akatazama barabara, kisha akaninyooshea kidole mtaro uliokuwa mbele ya nyumba yake. Umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia chumbani anakolala mjukuu. Nikaandika: mtaro, nyumba ya mlango wa kijani, mjukuu. Nikamsomea nilichoandika. "Umeandika kweli?" akauliza, akaomba aone. Sikumwahidi kuuzibua, na wewe usiahidi usichokuwa na mamlaka nacho. Nilimwahidi kwamba mgombea ataambiwa na kwamba nitarudi kumpa jibu. Nikarudi baada ya siku nne. Ile hodi ya pili ndiyo iliyompata. Ya kwanza ilikuwa ya kufahamiana.

Tumia penseli. Kalamu ya wino inakufa jasho likigusa karatasi, na mvua ikikukuta umepoteza mtaa mzima.

Daftari ndilo kampeni yenyewe, mengine ni sherehe. Mwaka 1840, kabla dunia haijamjua, Abraham Lincoln na wenzake wa chama cha Whig jimboni Illinois waliwaandikia wanachama waraka wakiwataka wapange majina ya wapiga kura kituo kwa kituo, wawatupie jicho wenye mashaka na kuwapelekea watu wanaowaamini wakazungumze nao, kisha siku ya kura wahakikishe kila Whig anafikishwa kituoni. Hawakuwa na simu wala kompyuta, na bado sijaona mpango bora kuliko huo. Mimi hutumia alama tano tu: moja ni wetu kabisa, mbili anaelekea kwetu, tatu hajaamua, nne anaelekea kwao, tano ni wao.

Ugumu uko kwenye kuwa mkweli unapoandika alama, kwa sababu sisi ni watu wa adabu. Nani atakwambia usoni, umesimama mlangoni kwake juani, kwamba hakutaki? Atakwambia "tuko pamoja". Atakwambia "Mungu akipenda". Atakwambia "nyie ndio wenyewe". Uchaguzi ule wa kwanza tulihesabu kila "tuko pamoja" kuwa kura. Siku hizi "tuko pamoja" naiandikia tatu, na "Mungu akipenda" bila maelezo mengine naiandikia nne. Anayestahili moja ni yule anayeanza kulalamika kwamba mmechelewa kuja, au anayeuliza kituo kimehamishiwa wapi, au anayemwita mwenzake wa ndani aje naye akusikilize. Aliye wako kweli huuliza mambo ya utekelezaji.

Wenye tano waage kwa heshima uende. Nilijifunza hili kwa kaka mmoja aliyenikaribisha kiti na maji ya kunywa, akaanza kunibishia hoja moja baada ya nyingine. Nilijiona nammaliza. Kila nikitaka kuondoka anatupa hoja mpya, nami nakaa tena. Saa nzima na robo. Wiki iliyofuata nikasikia kwa watu kwamba alikuwa mpambe wa upande wa pili na alikuwa anasimulia kwa kicheko jinsi alivyonifungia uani jioni nzima nisifike nyumba nyingine. Kusema kweli, ile ilikuwa kazi nzuri ya kampeni. Na hata angekuwa mbishi wa kawaida, kumgeuza ingekuwa bahati nasibu: mwaka 2018 watafiti Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 kutoka chaguzi kuu za Marekani, wakakuta kwamba kwa wastani, kuwafuata watu kwa milango, simu na barua ili wabadili mgombea huzaa karibu na sifuri. Kinachowezekana ni kuwaamsha walio wako.

Na kuwaamsha kuna ufundi wake. Siku za mwisho usiulize "utakwenda?", maana jibu ni ndiyo kila mara. Uliza saa ngapi. Utatokea nyumbani au kazini? Watoto utamwachia nani? Kwenye mchujo wa urais huko Pennsylvania mwaka 2008, watafiti David Nickerson na Todd Rogers walijaribu maswali ya namna hii kwa simu, na waliohojiwa hivyo walijitokeza zaidi kuliko waliohimizwa kwa maneno ya kawaida, hasa wale wanaoishi nyumba yenye mpiga kura mmoja. Mantiki yake ni rahisi kuiona ukiwa mlangoni. Mtu akianza kusema "asubuhi siwezi, nina zamu, labda saa tisa," tayari ameshaipangia kura nafasi kwenye siku yake, na mara nyingi hapo hapo ndipo mnagundua kikwazo: kitambulisho hakionekani, kituo kiko mbali na mguu unauma, jina hajalihakiki. Hili la jina lishughulikie mapema kabisa, kwani uandikishaji hufungwa kabla joto la kampeni halijapanda, na baada ya hapo hakuna hotuba itakayomwingiza mtu kwenye daftari la wapiga kura.

Kuhusu pesa nitasema machache. Usiikopeshe kampeni, haina kumbukumbu. Usikubali kubebeshwa bahasha usiyojua ya nani. Kununua kura ni kosa la jinai karibu kila mahali, na anayekamatwa huwa ni mbebaji. Nenda wawili wawili. Giza likiingia, rudi nyumbani.

Lakini la siri nitalisema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa lilitugharimu. Mwenzetu mmoja, kijana mchapakazi, alipiga picha ukurasa wa daftari lake akaurusha kwenye kundi la WhatsApp ili tuone kasi yake. Majina, nyumba, alama. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia, na nusu yao hatukujua waliingizwa na nani. Kufika jioni picha imeshazunguka mtaa, na baba mmoja aliyeandikiwa moja alikuwa kibarua kwa tajiri wa upande wa tano. Alikuja kwetu usiku, hakupayuka, alisema tu, "Mmeniweka pabaya, wanangu." Tangu hapo daftari halipigwi picha, halilali kwenye gari, na uchaguzi ukiisha kurasa za alama zinachomwa mbele ya watu wawili.

Ukiweza, siku yenyewe uwe wakala kituoni. Watu wanaikimbia kazi hii kwa kuwa haina jukwaa: unakaa tangu alfajiri hadi usiku, hupigi makofi, hupigiwi. Soma mwongozo wa tume usiku uliotangulia. Shuhudia sanduku likioneshwa tupu kabla halijafungwa, andika namba za lakiri, kula kwa zamu na usitoke wakati wa kuhesabu. Usitie saini fomu yenye nafasi tupu hata ukiambiwa wote wameshasaini. Beba tochi yako.

Anayedhani ni ushamba kubishania karatasi moja ya kura nitampeleka Virginia, Marekani. Mwaka 2017, kwenye wilaya ya 94 ya baraza la wajumbe la jimbo hilo, kura ziliporudiwa kuhesabiwa Shelly Simonds alionekana kumshinda David Yancey kwa kura moja. Kisha mahakama ikaipitia tena karatasi moja ambayo mpiga kura alikuwa ameweka alama kwa wagombea wote wawili na mstari wa kukata kwenye mojawapo, ikaamua ni ya Yancey. Wakawa sawa, 11,608 kwa 11,608. Tarehe 4 Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye bakuli, likachomolewa la Yancey, na chama chake kikabaki na wingi barazani kwa viti 51 dhidi ya 49.

Uchaguzi wetu uliofuata tulishinda, uliofuata huo tukashindwa tena, kwa hiyo sitakudanganya kwamba daftari ni dawa ya kila kitu. Kuna mwaka upepo unakuwa wa wenzako, na mgombea wako mwenyewe anaweza kukuangusha kwa mdomo wake. Ila sijarudia kushindwa huku mtu wa ukuta mmoja akiwa amelala nyumbani.

Kitu cha mwisho ambacho kampeni nyingi hukisahau: baada ya matokeo, rudi kwenye ile milango, hasa mkiwa mmeshindwa. Kugonga mlango bila cha kuomba kunatia aibu zaidi kuliko kuomba kura. Mwaka ule wa pili wa kushindwa nilizunguka nikiwa na uso mzito, nikafika kwa yule bibi wa mlango wa kijani kumshukuru. Alinipa pole, akanipisha niketi. Kisha akaniuliza, "Sasa ule mtaro je?"

Nikatoa penseli.